Upande Mzuri wa Kulinganisha

Mzee wa Eksirei hakukumbuka majina ya watu. Alikumbuka mifupa. Alikuwa akisimama mbele ya kibanda changu hapa Free Area, mikono nyuma, na mtu mzima aliyevaa tai anashuka kwenye gari kuja kumsalimia. Mzee anamtazama kuanzia kiatuni kwenda juu, bila haraka, kisha anasema, "Wewe ni paja la kushoto. Ulianguka na pikipiki." Yule wa tai anacheka mpaka anashika nguzo ya kibanda, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hata mke wake husahau lilikuwa paja gani.

Mimi nilikuwa Kifundo. Nina jina, na wateja wana lao la kuniita, lakini kwake nilikuwa Kifundo tangu siku nilipoteleza juu ya lori la viazi vya Dundori nikatua kwa kifundo cha mkono wa kulia. Wakati huo alikuwa bado kazini, kwenye chumba cha eksirei cha hospitali moja hapa Nakuru. Alilaza mkono wangu mbaya mezani, akapiga. Halafu akasema, "Leta ule mwingine."

"Huu mwingine una nini?"

"Hauna kitu. Ndiyo maana nautaka."

Nikamwambia, boss, mimi nimevunjika mkono mmoja, nitalipia picha ya mmoja. Mimi ni mtu wa soko. Ukinipakia kitu ambacho sijaitisha, nitauliza. Hakukasirika. "Hii ya pili sikuuzii," alisema. "Ni yangu ya kulinganisha. Mungu alitupa pande mbili, hakuwa mjinga. Ukitaka kujua upande mbaya umeharibika kiasi gani, tazama ule mzuri." Kisha akanipa ile amri aliyowapa wote, kwa sauti ya chini kama mtu anayembembeleza ng'ombe wa kukamuliwa: "Usitikisike."

Picha zilipotoka nilimwona akiziinua dirishani. Nikamwomba aniambie: nimevunjika ama sijavunjika? Nilimsihi, nikamtania, nikamwahidi debe la viazi. Akazitia kwenye bahasha. "Mimi ni wa kupiga," akasema. "Kusoma ni kwa daktari."

Hilo naliweka hapa mapema ili ijulikane kwamba sheria aliijua. Miaka yake yote ndani ya kile chumba hakuna mtu aliyemtoa neno, hata ndugu zake. Alikuwa akiona ugonjwa kifuani mwa mtu kabla ya binadamu mwingine yeyote kuujua, na anamwambia mwenye kifua, "Vaa shati, mzee. Daktari atakueleza."

Alipostaafu alihamia ploti yetu, nyumba ya mwisho karibu na mfereji wa kuchotea maji, yeye na mkewe na mtoto wao mmoja, Muchiri. Ndipo nilipomjua kwa miaka, maana kibanda changu kiko langoni na hakuna anayeingia wala kutoka bila mimi kumhesabu.

Kustaafu hakukumtoa kazini. Kila kitu alikiinulia kwenye mwanga. Shati jipya, ili aone uzi ulivyolegea. Kikombe, ili aone ufa. Mtoto wa jirani akiletwa asalimie, Mzee anamgeuza taratibu jua limpite masikioni, anatikisa kichwa, "Sawa, damu inatembea." Siku moja aliokota yai kwenye trei yangu, akawasha tochi ya simu nyuma yake, akaliweka kando. Akachukua la pili. Mwisho wa trei alikuwa ameweka kando mayai matatu.

"Hayo yana nini?" nikamuuliza, na nilikuwa nimeshakasirika.

"Pasua."

Nilipasua yote matatu. Heri ningefunga biashara kuliko ile harufu. Tangu siku hiyo wateja hawakutaka yai ambalo Mzee hajalipitisha. "Mama, haya yamepigwa eksirei?" Nami nasema yamepigwa, mara mbili. Niliyauza kwa maringo. Yeye mwenyewe hakutaka shukrani wala yai. Alitaka kiti cha plastiki, kivuli cha mabati, na watu wasimsemeshe akiangalia.

Maneno yake yalikuwa machache na aliyarudia kama mtu mwenye shati mbili. "Picha haina haraka." Hilo aliwaambia wagonjwa, kisha akawaambia mafundi wa mfereji, kisha waimbaji wa kanisani waliochelewa kuanza. "Mwanga kwanza, maneno baadaye." Na lingine ambalo alilisema kuhusu vijana wa kazi yake waliokuwa wakipiga picha zamu mbili bila kulala: "Jicho lililochoka huona linachotaka." Nililisikia hilo mara nyingi, na siku lilipohitajika hakuna kati yetu aliyelikumbuka.

Muchiri alianza kuugua akiwa chuoni, mwaka wa pili wa kusomea ufundi wa stima. Kwanza aliacha kulala. Kisha akaanza kujibu watu ambao sisi hatukuwaona. Kisha akarudishwa nyumbani na rafiki zake wawili, mmoja kila upande, kama mtu aliyefungiwa gango mguuni.

Ploti ilikuwa na dawa zake. Jirani mmoja alileta mchungaji mwenye chupa ya mafuta. Mzee alimkaribisha, akampa chai, akamsikiliza hadi mwisho kuhusu mapepo ya ukoo. Halafu akauliza, kwa heshima kabisa, "Mchungaji, pepo ana mifupa?"

"Hana, mzee."

"Basi huyo si wangu wala si wako. Maliza chai."

Na Mzee huyo huyo Jumapili alikuwa kiti cha mbele, akitoa sadaka kwa mikono miwili, akimwombea mtoto huku machozi yakimshuka bila sauti. Ukimuuliza alikuwa akiombea nini, alisema, "Naombea daktari."

Hospitali iliupa ugonjwa jina, skizofrenia, na ikatoa dawa. Ya kwanza ilimfanya Muchiri atetemeke mikono kama mzee wa miaka tisini. Wakambadilishia. Ya pili ilimtuliza mikono, lakini sauti zilibaki. Na ndani ya sauti hizo kukatokea jambo moja ambalo ndilo kisa chote hiki.

Muchiri aliacha kumjua mama yake. Si kwamba alimsahau. Alikubali kwamba uso ni wa mama yake, sauti ni ya mama yake, hata kovu la kidole ni lile. Ila alisema huyu ni mwanamke mwingine ambaye amemvaa mama yake. Alimwita "yule mama". Alimsalimia kwa adabu, kama mgeni. Na chakula chake hakula, kwa sababu mtu anayeweza kuvaa uso wa mwenzake anaweza kutia chochote kwenye sufuria.

Mama Muchiri alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Jambo hilo lilimpunguza. Alikuja kibandani kwangu asubuhi moja akakaa kwenye gunia.

"Anakula kwako?" akaniuliza.

"Viazi nikichemsha huwa anachukua."

"Basi nitapika mimi, wewe utampa."

Ndivyo tulivyofanya. Alipika jikoni kwake, akapitisha sahani nyuma ya mabati, nami nikaitoa mbele kama yangu. Githeri, mukimo, wali wa Jumapili. Muchiri alikula akisema, "Wewe unajua kupika, mathe. Unapika kama mama yangu." Na mama yake yuko nyuma ya bati, ameshika kifuniko, anasikia.

"Sitaki apone yote," aliniambia siku moja tukiosha hizo sahani. "Hata akibaki na hizo sauti zake, nitaishi nazo. Aniite mathe mara moja tu, akijua ni mimi. Moja tu nitosheke."

Nikamwambia bei hiyo ni ya chini sana, aongeze. Alicheka. Alikuwa bado anacheka.

Wakati huo daktari wa kliniki akatuambia kuhusu picha za ubongo. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, na siku ya kwanza alipomwona Mzee aliinuka kabisa kutoka kitini. Mzee alimtazama. "Wewe ni ubavu," akasema. "Ulitoka Keringet. Ng'ombe alikupiga teke." Daktari akashika ubavu wake kama umeanza kumuuma upya. Alikuwa ameletwa akiwa msichana wa shule, na Mzee ndiye aliyemwambia asilie mpaka picha iishe. Tulicheka wote ndani ya chumba kile. Sasa naona kicheko hicho kilitugharimu, maana tangu hapo hakuweza kumkatalia Mzee jambo kwa sauti ya daktari. Alimkatalia kwa sauti ya mtoto.

Alitueleza vizuri, hilo sitamnyima. Alisema kuna watafiti wanaopiga picha za ubongo wa wagonjwa kama Muchiri kwa mashine ya MRI, kisha wanawafuata kuona ni dawa gani imewasaidia na ipi haikusaidia. Picha zikiwa nyingi, kompyuta inatafuta kama kulikuwa na dalili mapema. "Ili siku moja," akasema, "mtu asijaribishiwe dawa moja baada ya nyingine, mwaka mzima, kama anayejaribu viatu vya mitumba. Tumpige picha, tujue mapema: huyu hizi za kawaida zitamfaa, huyu tusipoteze wakati wake, apewe dawa ya aina nyingine moja kwa moja."

Hapo nikaona soko. "Hiyo siku moja ni lini?"

"Sijui, mathe."

"Na huyu wetu? Picha yake itasema?"

"Haitasema. Picha yake ni ya kutufundisha sisi. Kwa mtu mmoja bado hatuwezi kusema lolote kwa picha."

"Sema hata nusu kwa nusu."

"Siwezi."

"Kwa kumi, toa wangapi? Sema tatu, nitakubali tatu."

Akaniangalia kwa huruma. "Mathe, sitakuuzia namba ambayo sina."

Nimepatana bei na watu wagumu, madereva wa lori na mawakala wa Dundori wenye roho ya jiwe. Huyo ndiye wa kwanza aliyekataa kuniuzia kitu kwa sababu hakuwa nacho. Laiti ningemsikiliza.

Mzee alisoma karatasi za ridhaa zote, kidole kwenye kila mstari, akatia sahihi. Muchiri alilala ndani ya ile mashine, na aliyemwambia "usitikisike" ni baba yake, mlangoni, kabla hawajamzuia. Mwisho Mzee akaomba jambo moja: nakala ya picha. Wakampa kwenye CD. Ilikuwa haki yake. Akaipeleka kwa mtu aliyefanya naye kazi zamani, akarudi na filamu nne kubwa kwenye bahasha ya khaki.

Asubuhi iliyofuata aliniita. Nyumba yao ilikuwa na dirisha linalotazama upande wa Menengai, na mwanga wa saa mbili unaingia humo mweupe kabisa. Alikuwa ameibandika filamu moja kwenye kioo kwa plasta ya kidonda. Amepiga mstari katikati kwa kalamu nyekundu, kutoka paji la uso hadi kisogoni. Mkononi alikuwa na rula ya shule.

"Kifundo, macho yangu yamekwisha. Wewe huhesabu mara mbili. Pima."

"Nipime nini?"

"Kutoka mstari hadi ukingo, kushoto. Halafu kulia. Halafu haya mashimo meusi ya katikati, hivyo hivyo."

Nilipima. Kushoto na kulia zilikuwa sawa. Mashimo yalikuwa sawa. Nikapima tena kuanzia kulia, kwa sababu ndivyo ninavyohesabu pesa za watu nisiowaamini. Zikatoka zile zile. "Sawa kwa sawa, Mzee," nikasema. Nilikuwa na furaha kama nimepima dhahabu.

Akakaa chini kitandani. Alivuta pumzi ndefu. "Hakuna kilichovunjika," akasema. "Nyumba imesimama. Ni stima imepotea tu. Ikipotea stima hubomoi nyumba, unangoja irudi."

Mtu aliyekataa kuniambia kuhusu kifundo cha mkono alikuwa amesoma ubongo wa mtoto wake dirishani. Na mimi ndiye niliyemshikia rula.

Wiki chache baadaye daktari akatuita. Alisema dawa mbili zimepewa muda wa kutosha na zote zimeshindwa, na zikishindwa mbili, ya tatu ya aina hiyo hiyo mara nyingi hupoteza wakati. Kuna nyingine, tofauti, ambayo huwasaidia baadhi ya watu ambao hizo zimewakataa. Tuliiita dawa ya damu, kwa sababu mwanzoni mgonjwa hupimwa damu kila wiki: dawa hiyo inaweza kuwapunguza wale askari wa mwili wanaopigana na magonjwa, kwa hivyo hawakuachi bila kukuchunga.

Mzee alifungua bahasha ya khaki.

"Askari wapunguzwe kwa mtu mwenye picha kama hii?" akasema, na kuiinua dirishani.

"Mzee, picha hiyo haisemi hivyo."

"Pande zote sawa. Tumepima."

"Ubongo wa wengi wenye ugonjwa huu ukiutazama kwa jicho utaona ni wa kawaida. Hata mtaalamu wa kuzisoma hataona kitu. Hicho tunachotafuta ni kidogo mno, kimetawanyika kote. Mzee wangu, huu si mkono. Hapa hakuna upande mzuri wa kulinganisha."

"Nimetazama picha kabla hujazaliwa, binti yangu."

Daktari akainamisha kichwa. Nilimwona. Hakuwa tena daktari. Alikuwa ubavu, amelala kwenye meza baridi, ameambiwa asitikisike.

Mama Muchiri ndiye aliyezungumza. "Mimi niko tayari leo. Hata sasa hivi atolewe hiyo damu."

"Tuipe hii ya sasa muda," Mzee akasema. "Picha haina haraka."

"Picha haina. Mimi ninayo."

Mke hakubishana zaidi mbele ya watu. Alikuwa wa kizazi hicho. Daktari akaandika kwenye faili kwamba familia itafikiria, akatuomba turudi mapema. Nje, kwenye ngazi, Mama Muchiri alinigeukia. "Kifundo, wewe anakusikia. Mwambie." Nami nikamwambia yeye, badala ya kumwambia mumewe: nilipima, mama, mara mbili. Picha ni safi. Alitembea mbele yetu hadi barabarani.

Tulingoja miezi kumi na minne.

Naona vibaya kuandika kana kwamba Mzee alikuwa mtu mgumu. Hakuwa. Katika miezi hiyo alimnyoa mtoto wake, alimkata kucha, alimfuata barabarani hadi Lanet akitembea hatua ishirini nyuma ili asimwaibishe. Kila kliniki daktari aliuliza, na kila kliniki Mzee alisema ameona mabadiliko madogo: juzi amecheka vizuri, jana amelala saa tano mfululizo. Aliyaona kweli. Aliyatafuta kama alivyotafuta ufa kwenye kikombe, na mtu akitafuta sana hupata. Na Muchiri aliendelea kusema, "Habari ya asubuhi, mama," kwa mwanamke aliyemzaa, na kupita.

Mama Muchiri alianguka mferejini, akifua shati za huyo mtoto. Ilikuwa presha. Alikuwa akinywa dawa zake siku akikumbuka, na miezi hiyo kichwa chake kilikuwa kwingine. Tulimwinua watu watatu, na tulipofika hospitali alikuwa ameshatuacha.

Tulimzika Dundori, kwenye shamba la shemeji yake, kando ya viazi vilivyokuwa vimeanza kutoa maua. Muchiri alivaa suti. Alisimama kando ya kaburi mikono mbele, mtulivu kuliko wote, akatupa udongo alipoonyeshwa. Kisha akamwendea baba yake, akampa mkono.

"Pole sana, baba," akasema. "Yule mama alikuwa mtu mzuri. Watoto wake wamejulishwa?"

Mzee alimshika ule mkono muda mrefu. "Wamejulishwa," akasema.

Siku ya nne baada ya mazishi nilimwona akitoka langoni saa kumi na mbili asubuhi akiwa na Muchiri. Bahasha hakuibeba. Daktari aliniambia baadaye kwamba aliingia, hakuketi, akasema maneno mawili: "Mtoe damu."

Dawa ya damu haikuwa muujiza. Muchiri alilala mchana kutwa. Alinenepa. Mto wake ulilowa mate. Kila wiki sindano. Mwezi wa pili hatukuona kitu, na wa tatu nikaanza kusema moyoni basi, hata hii. Mwezi wa tano alikuja kibandani asubuhi, amejinyoa mwenyewe vibaya, akakaa kwenye gunia lile lile.

"Kumenyamaza," akasema.

"Wapi?"

"Hapa." Akagusa kichwa. Kisha akatazama kule kwenye mfereji, akatazama nyumba yao. "Mathe ako wapi? Sijamwona siku nyingi."

Nilimwita baba yake. Sikuwa na mdomo wa kumwambia. Alipoambiwa alilia kama mtu aliyeletewa habari hiyo dakika ile, na kwake ilikuwa dakika ile. Sisi tulikuwa tumeshamaliza msiba. Hema limerudishwa, sufuria za kuazima zimerudi kwa wenyewe. Jioni ile majirani walikuja tena, bila kuitwa, wakileta sukari na majani chai. Tukaketi usiku tatu kwa ajili ya mtu mmoja. Waliokuwa wameimba waliimba tena. Ploti yetu ina mambo yake mengi ya aibu, lakini hilo ililifanya.

Muchiri hakuambiwa kuhusu ile miezi kumi na minne. Si kwamba tulikubaliana kumficha. Kila mtu alimwachia mwenzake. Yeye alidhani ile dawa imefika Nakuru majuzi. "Ingekuja mapema kidogo tu," aliniambia siku moja, akinisaidia kupanga viazi. "Si ningemkuta." Mzee alikuwa pale kwenye kiti cha plastiki na yai mkononi. Alilirudisha kwenye trei ya mayai pole pole, akaingia nyumbani, na tangu siku hiyo hakunipimia mayai tena.

Nilimwona hivyo kwa zaidi ya mwaka: mtu anayepita langoni, anasalimia, hainulii tena kitu chochote kwenye mwanga. Alianza kukosea hata mifupa ya watu. Mtu wa paja la kushoto alishuka kwenye gari lake, na Mzee akampa mkono tu, kama mtu anayemsalimia mtu.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa kliniki. Muchiri sasa alipimwa damu mara moja kwa mwezi, na Mzee, ambaye macho yalikuwa yameisha kabisa, aliniomba niende naye nimsomee namba za foleni. Tulikaa kwenye benchi watatu, Muchiri katikati. Daktari alikuja na karatasi. Watafiti walikuwa wanamalizia, alisema. Picha ya Muchiri wanayo. Sasa wanataka kilichofuata baada yake, maana picha bila kilichofuata haiwafundishi kitu. Maswali machache tu, na safari hii anayetia sahihi ni Muchiri mwenyewe.

Muchiri alijibu vizuri. Sauti, zimepungua. Usingizi, mwingi mno. Kazi, anawafungia watu nyaya hapa na pale. Daktari aliandika, akageuza ukurasa, na nikamwona anasita.

"Kuna hili la tarehe," akasema. "Dawa hii ilipendekezwa lini, na ilianzishwa lini."

Alisoma tarehe ya kwanza kutoka kwenye faili. Kisha ya pili.

Muchiri alikunja uso. Alikuwa fundi, anajua hesabu ya kutoa. "Hizo ziko mbali," akasema. "Hapo katikati kulikuwa na nini?"

"Hilo ndilo swali linalofuata," daktari akasema. "Sababu ya kuchelewa." Hakumtazama Mzee. Alitazama kalamu. "Wengi huwa tunawaandikia tu kwamba familia haikuwa tayari. Naweza kuandika hivyo. Hakuna ubaya."

Nilijua ametupa njia, na njia ilikuwa nzuri, pana, ya kutupitisha sote. Nilimgusa Mzee kiwiko ili aikubali.

"Usiandike familia," Mzee akasema. "Mama yake alikuwa tayari. Andika baba."

Daktari hakuandika.

"Andika. Baba alisoma picha ambayo hakujua kuisoma. Akakataa. Uliniambia, nikakuita binti yangu. Andika."

Nilitaka kusema aandike na jirani. Maneno yalifika kwenye meno. Sikuyasema, na sijayasema mpaka leo ninapoyaandika hapa.

Muchiri alikuwa ametazama sakafu. Alipozungumza hakuinua kichwa.

"Mathe alikuwa tayari?"

"Tangu siku ile ya kwanza," Mzee akasema. "Alisema utolewe damu sasa hivi. Ni mimi niliyesema tungoje."

Kalamu ya daktari ilianza kutembea. Muuguzi alitokea mlangoni akaita namba, nami nikasahau kwamba kazi yangu ilikuwa kuisoma. Akaita tena. Muchiri alisimama, akakunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko. Alikwenda hadi mlangoni. Mzee naye alikuwa ameinuka, anapapasa ukuta akitafuta upande wa kutokea, kama mtu aliyefukuzwa kabla ya kuambiwa.

"Baba."

Mzee akasimama.

"Kaa hapo," Muchiri akasema. "Ningoje."